Fundi Cherehani na Kayaki ya Kijivu

Jirani yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, haulizi rangi. Siku alipokwenda kununua kayaki, ule mtumbwi mwepesi wa kujaza upepo, kila aliyoonyeshwa dukani aliipitishia ukucha wa gumba kwenye mshono, polepole, kama afanyavyo kwa suruali za wateja, kisha akaikunja na kuipakata, kwa sababu basi la kwenda Pweto, kando ya ziwa, halikupi nafasi zaidi ya mapaja yako. “Maman, kamata hii nyekundu, iko muzuri,” muuzaji alimwambia. “Hii, mshono wake utaniachia katikati ya maji,” alijibu, akachukua ya kijivu, mbaya kama gunia.

Huko ziwani wavuvi walimcheka alipokuwa akiijaza upepo. Akapiga kasia hadi akaonekana mdogo kama kifungo, akarudi na kitenge kikavu. Wavuvi wakaja mmoja mmoja kupitisha kucha zao kwenye mshono.