Ukoko wa Mwana wa Nyumbani

Wazo la safari lilikuwa lao, si langu. Mimi Mombasa ni kwetu, na mtu hatalii mahali alipokatwa kitovu. Lakini wenzangu watatu wa chuo, wasichana wa bara wote, walikuwa wamesomeshwa historia ya pwani muhula mzima bila kuiona bahari yenyewe, wakaamua wikendi moja tushuke kwa treni tukaione Ngome na Mji wa Kale. Wawili kati yao walikuwa wa darasani tu, watu wa salamu na kuazimana kalamu. Wa tatu ndiye niliyelala naye chumba kimoja bwenini. Huyo nilimwita dada. Mamangu, kwenye simu, alimwita "mwanangu," naye aliitikia "Mama" kwa sauti tamu ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuwa nayo.

Nilitaka jambo moja tu katika wikendi ile: waje nyumbani wale chakula cha mamangu. Tangu niende Nairobi, majirani wa kichochoro chetu walikuwa wakisema kwamba naonea haya kwetu, ndiyo maana hakuna rafiki wa chuo aliyewahi kukanyaga ngazi zetu. Mamangu aliyasikia hayo akanyamaza. Juma lile hakunyamaza. Kuanzia mlangoni petu mpaka Bondeni, kila aliyemsalimu aliambiwa kwamba Jumamosi ana wageni wa mwanawe.

Na mamangu si mpishi wa kubahatisha. Kazi yake ni kupika arusini. Kuna watu hapa mjini ambao hawapangi siku ya arusi ya mtoto wao kabla ya kumuuliza yeye kama ana nafasi.

Jumamosi asubuhi niliwatembeza. Tulianza Ngome, tukaingia vichochoroni, wakapigana picha kwenye kila mlango wenye nakshi, wakatoka mpaka Biashara Street kuchagua leso. Jua lilipopanda niliwaonyesha mlango wetu, nikamwambia yule dada yangu waje baada ya swala ya adhuhuri, nami nikapanda juu kumsaidia mama. "Tutafika tu," akasema. "Mwambie Mama nimefunga tumbo tangu jana."

Nilimkuta mamangu ameinama juu ya seredani ya makaa, uso umemwiva kwa moto. Mchuzi wa kamba ulikuwa tayari, samaki wa kupaka tayari, kachumbari imefunikwa. Alikuwa akipalia wali wa nazi, yaani anapanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Lakini makaa ya chini aliyaacha mengi kuliko kawaida, nami nikajua kwa nini. Alikuwa anatafuta ukoko.

Ukoko ni ule wali unaoshika chini ya sufuria ukakauka, ukawa wa kahawia, una harufu ya nazi iliyochomwa. Kwetu mgeni hapewi ukoko. Mgeni hutengewa wali mweupe ulio juu. Ukoko ni wa watoto wa nyumba, wanaougombania jikoni, na mama ndiye anayeamua nani apate. Nikamuuliza, "Ukoko wa nani, mama, na leo tuna wageni?"

"Wa mwanangu yule," akasema. "Wale wawili ni wageni. Yeye si mgeni."

Adhuhuri ikapita. Sinia ilikuwa imeandaliwa, mkeka umetandikwa, birika na beseni la kunawia viko tayari, na mamangu amebadilisha dera akajifukiza udi. Nikapiga simu, haikupokelewa. "Hebu nenda ukawatazame," mamangu akaniambia. "Huenda wamepotea ndia. Watu wa watu, na jua hili."

Hawakuwa wamepotea. Niliwakuta kwenye mkahawa mmoja karibu na Ngome, wamekaa chini ya feni wamenipa mgongo, mezani sahani za kuku na chipsi zimebaki mifupa. Nilitaka kuwacheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwaite walafi wakubwa, ndipo nikamsikia yule dada yangu.

"Nimewaokoa, mnishukuru," alikuwa akisema. "Sasa tukienda tutaonja tu, basi. La sivyo tungelishwa ukoko."

Mmoja akauliza ukoko ni kitu gani.

"Wali ulioungua. Mamake anapikia watu arusi, halafu anakwangua sufuria, anawapelekea watoto. Babake aliwatoroka, hawakuwa na kitu. Eti walikuwa wanakaa kwenye ngazi wanangoja harufu."

Wakacheka. Naye akacheka.

Maneno yale yalikuwa yangu, mpaka hiyo harufu. Nilimpa mwenyewe, chumbani kwetu, jioni moja aliyokuwa akilia kwa kukumbuka kwao. Nilimweleza jinsi baba alivyoondoka, na jinsi sisi watoto tulivyokuwa tukikaa kwenye ngazi siku za arusi, tukajua mama amekaribia kabla hatujamwona kwa ile harufu ya nazi iliyotangulia kichochoroni. Nilimwambia kwamba sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Hilo la utamu hakulifikisha. Alichukua lililobaki, akalitandaza juu ya meza ya chipsi kuchekesha watu ambao hata hatukuwa tukiwapenda sana.

Nilirudi nyuma hatua chache, nikakohoa, nikaingia kama mtu aliyefika sasa hivi. Nasema kweli, ningekuwa peke yangu duniani ningemwagia ile soda yake kichwani. Lakini mamangu alikuwa amejifukiza udi.

"Tulikuwa tunakuja," akasema dada yangu, akifuta vidole.

"Naona," nikasema. "Twendeni, mama anangoja."

Walipanda ngazi zetu wakihema. Majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni mwao bila shughuli yoyote ya maana, na mamangu aliwaamkia majirani hao kwa sauti ya juu ili waone anaingiza nani. Wenzangu wakatoa shikamoo zao, wakanawishwa, wakakaa. Nilimtazama mamangu akigawa vipande vya samaki, akichagua vilivyonona, akiwasogezea. Wale wawili walimega tonge moja moja. Yule dada yangu alikuwa akiuzungusha wali kwa ncha za vidole.

"Mbona hamuli, wanangu? Kwani hamna ndaa?"

"Tunakula, Mama," akasema yeye, kwa ile sauti tamu.

Ndipo mamangu akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisahani amekishika kwa mikono miwili. Ukoko ulikuwa umetoka mzima, wa mviringo, haukumeguka hata pembeni. Akaupita mkono wangu, akaupita wa wale wawili, akauweka mbele ya yule dada yangu.

"Huu ni wako, mwanangu. Hata huyu wa kumzaa nimemnyima."

Yule akautazama ule ukoko, kisha akawatazama wenzake. Mmoja wao akauma mdomo. Mwingine akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Na yeye, aliyekuwa anajua kila kitu, aliyeambiwa na mimi ukoko ni nini kwetu, akakisogeza kisahani kwa kidole kimoja.

"Mama, asante, lakini mimi vitu vilivyoungua vinaniumiza tumbo."

Mamangu akasema, "Ataa?" kama mtu asiyeamini alichosikia. Akakichukua kisahani akakirudisha jikoni, na alipokaa tena akaanza kuwauliza habari za Ngome, kama wameona mizinga, kama wamefika mpaka juu. Aliwasindikiza hadi chini kwenye mlango wa nje. Wale majirani walikuwa bado wamesimama.

Niliwaambia wenzangu watangulie, nitawafuata. Sikuwafuata. Niliporudi juu nilimkuta mamangu jikoni na kijiko, anaonja. Alionja mchuzi, akaonja samaki, akameza mate, akaonja tena wali. Kisha akanipa mimi kijiko. "Nambie kweli. Nimekosa wapi? Chumvi?"

"Hukukosa, mama."

"Hawakula."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenijaa mdomoni tangu mkahawani, lakini singeweza kulitoa bila kutoa na zile ngazi, na baba, na kicheko. Angejua kwamba njaa ya wanawe ilikuwa imeshasimuliwa, na kwamba msimulizi ndiye yule aliyewekewa ukoko. Nikaonja, nikamrudishia kijiko. Nilimchukia yule msichana kwa mengi siku ile, lakini zaidi kwa kunifanya nimfichie aibu yake ndani ya nyumba yetu.

Mamangu akayazima makaa kwa maji. Akasimama kidogo akifikiri, kama anavyosimama watu wakimletea hesabu ya wageni wa arusi.

"Chakula chetu hawakukizoea, ndiyo maana," akasema. "Na ni haki yao. Mwanangu yule kwao hula nini?"

"Viazi," nikasema. "Hupondwa na mahindi na majani ya maboga."

"Hupondwa vikiwa moto, au huachwa vikapoa?"

"Vikiwa moto, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudia polepole ili asisahau: viazi, mahindi, majani ya maboga. Akasema nimwambie mwanawe yule aje tena muhula ukifungwa, na yeye kabla ya hapo atajaribu kupika mara mbili tatu, mkono uzoee.