Mkwe Aliyetolewa Ziwani

Ulikuwa mwaka tuliokula ndizi kwa chumvi. Maharage yalioza shambani kwa mvua, na samaki, ambaye nyumbani kwangu hakuwahi kukosekana, hakuja. Mtu wa Nkwenda akikuuliza ni mwaka gani hasa, mwambie wa ndizi kwa chumvi. Ataelewa.

Watu wa Nkwenda samaki niliwalisha mimi. Sijisifu, ni kweli. Nilikuwa na meza yangu sokoni, sangara na sato wa moshi, wakavu hata ukiwagonga wanalia. Walitoka kwenye ziwa moja la ng'ambo, upande wa Uganda, alikoolewa binti yangu wa mwisho. Mkwe anavua, binti anabanika, gari la mizigo linaniletea. Hata wafugaji, ambao babu zao walimwona samaki sawa na nyoka, walikuja kununua na kuficha ndani ya kanga. Nilikuwa nawacheka: "Chukua tu, ng'ombe wako hawakuoni!"

Kisha yakapatikana mafuta chini ya ziwa.

Mitambo ikaletwa, maboya yakapangwa juu ya maji. Ukivuka hapo, kipigo na jela. Samaki si wajinga, wakahamia huko huko nyuma ya maboya kusikokuwa na nyavu. Halafu ikaja amri: mitumbwi midogo haitakiwi, ni boti ndefu za injini tu. Mtumbwi wa mkwe wangu ulichomwa ufukweni yeye akitazama. Wenye nyumba za bati waliandikwa fidia. Yeye shamba lake lilikuwa maji, na maji, waliambiwa, hayana mwenyewe.

Wakaja kwangu, yeye, binti yangu na watoto wanne.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani usoni. Nilimpa banda la kuwekea kahawa alale humo na familia yake. Akiwa na neno, anamwambia mkewe, mkewe ananiambia. Akipita, nageukia migomba mpaka apite. Miaka yote hiyo aliyokuwa mume wa mwanangu, sikujua macho yake yakoje. Nilijivunia adabu hiyo.

Ujinga wangu. Siku moja nikiwa napalilia nilisikia miguu mingi, nikadhani ana wageni kutoka ng'ambo. Nikageuza uso kama kawaida. Nilisimama nimekumbatia mgomba kama bibi harusi, nao nyuma yangu wanahesabu hatua. Walikuwa wanapima kibanja changu, shamba lote la migomba na nyumba yake.

Nilikuja kujua Jumapili, baada ya misa, alipofika mnunuzi na mwenyekiti wa kitongoji, wana karatasi na kidau cha wino wa dole gumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho kidau cha nani? Mimi nilifika darasa la tatu, jina langu naandika."

Mwenyekiti akacheka. "Basi andika, bibi, tukanywe rubisi."

Binti yangu akaeleza harakaharaka, macho chini. Mumewe anataka kibanja kiuzwe, anunue boti ndefu. Akiipata, watarudi ziwani wote, nami nitapata samaki wangu.

Hapo nilifanya nisilowahi kufanya. Niligeuka, nikamtazama mkwe wangu usoni. Macho mekundu, mashavu yamebonyea, kijana amekuwa mzee kunizidi. Akajifunika uso kwa viganja. Sikuondoa macho.

"Ziwa gani, baba?" nikamuuliza. "Lile lenye maboya? Kesho wakisema na boti ndefu zitoke, utapima kibanja cha nani?"

"Mama," akasema ndani ya viganja, "mimi jembe silijui. Unalisha wanangu wanne, na wa tano ni mimi."

Ilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Ndizi zenyewe zilikuwa zinaisha. Asubuhi ile nilikata mkungu usiokomaa.

"Nusu basi," mnunuzi akasema. "Hata ile pembe ya bondeni tu, bibi."

"Siuzi hata mgomba mmoja."

Binti yangu akapiga magoti kwenye majani mabichi, akanishika miguu. "Mama, usipompa atarudi hivyo hivyo. Ataazima mtumbwi, avue nyuma ya maboya. Jirani yetu walimpiga risasi huko, nilimfuta mkewe machozi kwa mikono hii. Unataka na mimi nirudi kwako mjane?"

Nilijua hasemi uongo. Nilijua pia wajukuu wangu wameshatolewa majini. Nikiwatoa na nchi kavu, watakaa angani? Nilitamani marehemu mume wangu ainuke pale alipolala katikati ya migomba aseme yeye, mimi nipumzike. Hakuinuka. Mnunuzi alikuwa bado ameshika karatasi. Mkwe wangu alikuwa ameshakwenda bandani, anakunja nyavu alizokuja nazo.

"Siuzi hata mgomba mmoja."