Shaba Namba Thelathini

Mama Kahambu alifika Lubumbashi kutoka Butembo na mashine moja ya kuchapa na mdomo usiopumzika. Huko, mtaani Katuba, alitoa buku, vitabu vyembamba vya kutayarisha mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Mi nilimpangia kurasa. Kwa kazi hiyo nusu ya diploma niliyo nayo inatosha.

Mwaka Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, karatasi alizoletewa na ndugu zake wa Butembo zikaacha kufika. Tukachapa kidogo. Clovis, mwizi wa buku wa mtaa wa Makomeno, hakuhitaji karatasi: alituma mtu kununua buku moja, akaipiga picha, akaiuza WhatsApp katika vikundi arobaini.

Mama akaapa kumkamata. Buku mpya ya kemia ilipotoka, yule mtu wa Clovis tukampa nakala yenye ukurasa mmoja tuliobadilisha kama mtego, ili kosa hilo litoke kwake tu: namba ya atomi ya shaba tukaweka 30 badala ya 29. Kesho yake ile 30 ilikuwa katika kila simu. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi, Plamedie, mtoto wa jirani, akapita akikariri: "Shaba, 30." Mtihani ulikuwa Jumatatu.

"Nani alikufundisha ile?" Mama akauliza.

"Ni buku yako, mama. Iko na jina lako."

Mji mzima unaishi kwa shaba, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Tukakimbilia Makomeno. Clovis alitusimamisha mlangoni.

"Mama mukubwa! Umekuya kunifungisha gerezani?"

"Nitakufungisha kisha. Leo ambia bantu bako bote kama ile jibu iko mubaya."

"Nikisema miye, batasema Clovis anadanganya. Sema weye, na sauti yako." Akanyoosha simu. "Na useme ulinipa ruhusa ya kuuza."

"Ruhusa? Mwizi weye!"

"Basi batoto baandike 30."

Nikamnong'oneza Mama kwamba tunaweza kubandika matangazo shuleni.

"Shule ngapi? Mpaka kule mbali Mitwaba?" akanifokea. Akashika simu, akaanza kurekodi.

"Ni miye Mama Kahambu, mwenye buku. Shaba iko 29. Ile 30 niliweka miye, juu ya kumutega muntu. Munisamehe, batoto." Akataka kurudisha simu. Clovis akatikisa kidole: bado. "Na Clovis... iko na ruhusa yangu."

Clovis akabonyeza kutuma kabla Mama hajapumua. Jibu la kwanza likatoka Mitwaba: "Merci, mama! Buku ya fizikia utatutumia lini?"

Mama akamrudishia simu, akatoka bila kuaga.