Mawese Ndani ya Moteri

Wakati wa vita, mji wetu wa Kindu ulipofungwa pande zote, mafuta ya moteri yalikosekana kabisa. Moteri ya mtumbwi wangu ilitaka esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta hayo. Basi mimi, kwa akili zangu za sekondari, nikachanganya mawese, mafuta ya kupikia ya michikichi, yale yale mke wangu aliyouza sokoni. Mchana moteri ilikwenda vizuri, moshi wake ukinukia sombe, mboga yetu ya majani ya mhogo. Nikajiona injinia.

Ikafika asubuhi ya ndoa ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Bwana harusi alikuwa Alunguli, ng'ambo ya mto, na ukoo wake ulishaonya: bibi harusi akichelewa, watajua amekataa. Tukaingia mtumbwini alfajiri, kwenye ukungu wa baridi. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta mpaka bega likaniuma. Nikafungua buji, ile plagi ya cheche, nikaikausha kwa shati langu la harusi, nikairudisha. Moteri ikakohoa mara moja, ikazima.

"Baba, mafuta imeganda," mke wangu akasema. "Asubuhi hata ndani ya bidoni yangu ya mawese inagandaka. Ipashe moto kidogo."

"Wewe unajua chungu, mimi najua moteri!"

Mashangazi waliomsindikiza bibi harusi wakaacha kuimba. Bibi harusi akasema, "Shemeji, kama imekataa, sema tu. Niko na mikono, nitapiga kasia na hii robe yangu ya harusi."

Nikaendelea kuvuta karibu saa nzima, kwa kiburi tu. Ng'ambo ngoma zikanyamaza. Mke wangu hakuningoja tena. Alikwenda kwa muuza chai wa bandarini, akarudi na birika, akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akaizungushia kabureta.

"Vuta sasa."

Moteri ikanguruma. Vigelegele vikapigwa, tukavuka.

Watu wa bwana harusi walikuwa wameanza kukunja mikeka. Wakauliza kulikuwa na shida gani. "Ilikuwa mgonjwa kidogo," nikajibu, "nikaitengeneza." Mke wangu alisikia, akaendelea kukamua kile kitambaa chake.

Uongo ule niliurudia miaka mingi, kila penye karamu, na kila mara uliniuma zaidi. Juzi, familia ilipokutana, nikasimama nikakiri: si mimi niliyeiwasha, ni yeye. Nilidhani watashtuka. Shemeji, ambaye sasa ana wajukuu, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, nani hakujua? Mashangazi walimsimulia bwana yangu siku ile ile, wali haujaisha kwenye sahani. Alunguli yote inajua!"

Nikamgeukia mke wangu. "Na wewe hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri sana, Baba," akasema. "Nikakuachia."