Chale ya Uongo Kwenye Boriti

Ipo siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa bado mke mpya katika mji wa Mzee Tsuma, huku nyuma ya Kilifi. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, lakini kilichozishika ni boriti, miti ya mikoko. Darasani sikukaa sana, ila hili nalijua: si kila mkoko ni boriti. Mkandaa hukaa mpaka wajukuu. Mchu huliwa na wadudu upesi.

Mzee Tsuma, bavyaa wangu, yaani baba wa mume wangu, ndiye aliyekagua boriti kabla hazijauzwa. Aliugonga mti, akaunusa, akaupinda kwa goti. Ukimridhisha, aliuchanja chale mbili kwa panga karibu na shina lake. Mnunuzi hakuanza na bei. Aliuliza, "Ina chale?"

Mwaka ule Dama, binamu wa mume wangu, mjane mwenye mtoto mchanga, hakuwa na paa, na masika yamekaribia. Bavyaa alikuwa matangani Rabai. Mume wangu Karisa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mzaha asiyependa kungoja. Akaleta mkokoteni wa mchu, akaupaka maji mekundu ya magome ya mkandaa ufanane nao, akachukua panga la babake, akachanja.

"Wee Karisa, baba hajaziona hizo," nikamwambia.

Akacheka. "Kwani mti utasema nani kauchanja? Dama anataka pa kulala, hataki nasaba ya mti."

Dama alipokuja, alizipapasa zile chale kwa kidole. "Ahsante, kaka. Maadamu baba amezipitisha, mimi na mwanangu tutalala." Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti.

Nyumba ikajengwa, na wadudu hawakukawia. Unga wa mti ukawa unamwagika kwenye mkeka wa mtoto, Dama anaufagia. Jirani yake Kadzo akamwonya, "Dada, hiyo nyumba inaliwa, toka." Dama akamjibu, "Mchokozi wewe! Hizi zina chale." Laiti zingekuwa hazina, mwanangu, angetoka. Chale ndiyo iliyomweka ndani.

Masika yaliyofuata makuti yalilowa, yakawa mazito, paa likashuka. Dama alimfunika mtoto kwa mwili wake. Mtoto, Nyevu, alitolewa mzima. Bega la mamake halikuinuka tena. Mpaka anakufa, ndoo alitwishwa na wenzake.

Bavyaa alifika pale, akaokota kipande cha boriti, akakigeuza. Hakupaza sauti.

"Karisa. Chale hii ni ulimi wangu. Umenisemesha uongo mbele ya Dama, nami sikuwepo kuukana."

"Nisamehe, baba. Nilitaka kumsaidia."

"Kumsaidia nini? Kadzo alimwambia toka, na wewe ukamwambia kaa, kwa sauti yangu." Akakiweka kile kipande chini, polepole. "Sichanji tena. Nani sasa atajua ipi yangu?"

Na kweli hakuchanja tena. Hata mkandaa wake mzuri uliolala uani, watu wakawa wanaukwangua kwa kisu na kuguna. Nazi mbovu harabu ya nzima.

Sasa wewe mwanangu unayejenga leo, Kakuyuni, Mariakani, popote. Kazi ya bavyaa wangu inafanywa na wapimaji wa serikali, na chale yao ni ile alama ya ubora kwenye mfuko wa simiti, kwenye nondo, kwenye waya wa stima na soketi zake. Itafute, usione haya. Muuzaji akikwambia, "Ni orijino, mama, niamini mimi," mwambie nyumba haishikwi na maneno yake. Na alama ukiiona, usikomee hapo, maana akina Karisa hawajaisha. Ina namba, wapigie simu wapimaji hao uulize kama inajulikana. Nunua penye duka utakaloweza kulirudia, uchukue risiti. Fundi akikushauri uchukue ile isiyo na alama, eti hakuna atakayejua, basi huyo si fundi wako.

Juu ya yote, soketi ikipata moto, ukuta ukitoa ufa, ukinusa waya unaoungua, usijitulize kwamba vitu vyako vilipimwa. Zima, toka, toa watoto, kisha ndiyo uulize. Alama imewekwa ikulinde, isikuzibe macho.

Nawe unayeuza, usibandike ulimi wa mtu kwenye kitu asichokiona. Hutamdhuru mnunuzi mmoja tu. Utawaharibia wote wanaosema kweli.

Mungu akujalie kuta zinazosimama na mikono isiyodanganya. Akupe nyumba ambayo mvua ikinyesha usiku utasikia mvua tu, ujigeuze, ulale. Amina.