Upande wa Kivuli

Beldina alikuwa mbishi wa jambo moja tu, nalo ni jua. Kwa mengine alikuwa mpole kupita kiasi, na huenda hapo ndipo alipokosea. Alizaliwa Asembo Bay, akaolewa Dunga, na tangu mumewe afariki mwaka 1964 aliishi kwa kuanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Kila jioni aliketi kwenye kigoda, uso ziwani, akaangalia jua linazama wapi. Mwezi wa sita lilizama upande wa Seme; mwezi wa kumi na mbili lilikuwa limesogea kusini, likielekea milima ya Homa. Halafu likarudi. Hakuna aliyemfundisha. Mwanika samaki asipolijua jua, atawajua nzi.

Mwaka 1971 chama cha wauza samaki kilijenga ghala pale ufukweni, kuta zake kimo cha watu watatu, limelala kutoka mashariki hadi magharibi. Kaskazini kulikuwa na barabara, kusini matete. Wanawake wakabakiwa na vipande viwili vyembamba vya kuanikia, kimoja kila upande wa ghala, upana wa hatua nne tu. Ilikuwa mwezi wa sita. Kaskazini kulikuwa na jua la kumwaga. Kusini kivuli cha ukuta kilitanda kutwa. Joram, mwenyekiti wa chama, akawapa kaskazini wake za wenye mitumbwi, mkewe Adero akiwa wa kwanza. Kusini akawatupa wajane watatu, na Beldina alikuwa mmoja wao.

Beldina alisimama mkutanoni. "Bwana Joram, hii jua haikai hapo. Ikifika mwezi ya kumi itavuka ije huku kwetu, na hawa ndio watakaa kwa kivuli. Tupeane zamu, kila mtu apate nusu ya mwaka."

Wakacheka, na Joram akacheka kuliko wote. "Nyar Asembo," akamwita kwa kwao, binti wa Asembo, "kama jua ni yako, ingoje. Kila mtu atakaa pale amepewa, siku zote."

Beldina akaketi, ameridhika. Siku zote ni siku zote, alijiambia. Masikini, alidhani neno la mkutano ni neno.

Kilichomtia hofu ni Mwihaki. Mama huyu, mfanyabiashara aliyetoka Nyeri na kufungua duka mjini Kisumu, ndiye aliyenunua omena zake zote kwa miaka saba. Akiondoka yeye, chungu cha Beldina kinalala kifudifudi. Mwihaki hakupenda maneno mengi. Alizifikicha omena kiganjani; zikivunjika alinunua, zikijipinda aliondoka. Julai hiyo zilijipinda.

"Mama, hii itanuka kabla nifike dukani," alisema.

"Ningoje mpaka mwezi ya kumi," Beldina alimsihi. "Jua inakuja."

Mwihaki alikung'uta kiganja. "Nitangoja. Lakini mwezi ya kumi tu."

Miezi mitatu Beldina aliwauzia omena wafuga kuku. Mwishoni mwa Septemba, saa sita mchana, kivuli cha ghala kilijikunja chini ya ukuta kikapotea kabisa. Baadaye kikaanza kuchomoza upande wa pili, kidogo kidogo, kikawafuata wake za wenye mitumbwi. Oktoba omena za Beldina zilivunjika kiganjani mwa Mwihaki, naye akazichukua zote na kuagiza nyingine. Furaha hiyo ilidumu wiki sita.

Kisha Joram akaitisha mkutano. Safari hii alikuwa amemwuliza mwalimu wa shule, na elimu ilimkaa kama koti la kuazima. "Mwalimu ameeleza. Jua haihami. Ni dunia inazunguka jua, tena inazunguka ikiwa imeinama. Miezi sita kaskazini ndio inaelekea jua, miezi sita kusini. Sisi tuko katikati, ndio sababu tunaona ikivuka juu ya kichwa." Akameza mate. "Sasa kama dunia yote inahama, Nyar Asembo, wewe ni nani usihame? Na ni wewe mwenyewe ulisema tupeane zamu."

Safari hii hakuna aliyecheka, maana sasa lilikuwa jambo la haki. Wajane wakakunja nyavu zao za kuanikia wakahamia kaskazini, kivulini. Adero akatandaza omena zake mahali Beldina alipokuwa amepafagia asubuhi ile. Mwihaki alipokuja alizifikicha za Beldina, zikajipinda. Alizunguka ghala akanunua kwa Adero, na hakurudi tena kwa Beldina.

Jua liliporudi kaskazini, Joram alikumbuka zamu tena, na wajane wakarudishwa kusini. Likavuka tena, wakahamishwa. Mwaka hata mwaka ikawa hivyo: dunia inazunguka, wajane wanazungushwa. Beldina alichukia, akajichukia na yeye mwenyewe, kwa kuwa neno zamu lilitoka kinywani mwake.

Asubuhi moja ya Februari 1975 Adero alimfuata kivulini, sauti laini. "Mama, mwaka hii jua itavuka siku gani? Tunataka tuhame mapema, tusipoteze hata siku moja."

Beldina alijua. Alijua hata idadi ya siku zilizobaki.

"Sijui," alisema. "Mambo ya jua mimi sijui."

Adero akaenda kwa mwalimu, akapewa tarehe bila taabu. Jioni hiyo Beldina alitoa kigoda chake nje kama kawaida. Akakigeuza, akaketi, mgongo ziwani, jua likizama nyuma yake.