Okbun Mshika Kiwiko

Kwa miaka thelathini na mmoja Okbun alikuwa mpambe wa mabibi harusi hapa Jeju, kisiwa cha Korea. Joho la kusujudia wakwe ni zito, na bibi harusi hawezi kushuka na kuinuka peke yake, basi Okbun humshika kiwiko. Mimi mpwa wake huandika karatasi ya maelekezo kwa wageni, Kikorea huku na Kiingereza kule: usivae nyeupe, vua viatu mlangoni, kikombe kipokee kwa mikono miwili. Okbun hajawahi kuisoma. Anasema ni ya wasiojua.

Asubuhi ile ukungu uliteremka toka mlimani ukafunika bustani ya maua ya manjano, na wageni wakawa wanatokea humo mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wa ndotoni. Aliyeolewa ni Yunseo, binti pekee wa Okbun, na mume ni Mkanada. Lakini Okbun alikuwa kasimama katika chumba cha kusujudia, mikono ya nguo kaipandisha.

"Shangazi, leo wewe ni mama mtu," nikamwambia.

"Mama wa bibi harusi haingii humu. Husujudiwa wakwe tu. Mpambe ndiye anayeingia."

Roho iliniuma. Alitaka kumwona mwanawe, na mlango alioujua ulikuwa huo mmoja.

Doreen, mama wa bwana harusi, alikuwa amesoma karatasi yangu neno kwa neno. Iliandikwa kwamba siku hizi wazazi wa pande zote mbili hukaa pamoja nyuma ya meza ya kunazi, matunda ya kuwaombea maharusi watoto, wakasujudiwa. Basi akagoma kukaa. Alisimama na soksi zake, akionyesha mto mtupu kando yake.

"Mwambie magoti yangu mabovu," alisema, "lakini sikai kabla yake."

Nilitafsiri. Okbun akanikata jicho. "Na mtoto atashikwa na nani?"

"Mama, kaa," Yunseo akasema. "Nimekuona ukiinua watoto wa watu tangu nikiwa mdogo. Najua kuinuka."

Okbun akakaa. Yunseo akainua mikono mpaka kwenye paji, kitambaa cheupe kilichofunika viganja kikamziba uso, akashuka. Mikono ya mama yake ilinyooka hewani, haina cha kushika. Mtoto alikaa chini muda mrefu, halafu akatetemeka, akainuka, kitambaa kikateremka.

Kutoka kwenye kiwiko mpambe huona sikio na shingo tu. Okbun aliutazama uso ule bila kupepesa.

"Kumbe huwa wanalia," akasema.